Jinsi ya kusubu kengele ya shaba kwa kalibu ya udongo, kama wanavyofanya kijiji cha Phước Kiều

Mafundi wenzangu, hasa nyie mnaosubu, yaani mnaoyeyusha na kumimina, sufuria za alumini kwenye mchanga, huu mwongozo nimewaandikia nyie kwanza. Mimi nimetoka hukohuko, nimekulia kwenye fremu za mbao na mchanga mweusi, alafu nikapata bahati ya kukaa siku kadhaa Vietnam ya kati, kijiji cha Phước Kiều pale Điện Phương, kama kilomita kumi hivi kutoka mji wa zamani wa Hội An. Zamani ilikuwa mkoa wa Quảng Nam, toka Julai 2025 mkoa ule umeunganishwa na jiji la Đà Nẵng, kwa iyo ukitafuta kwenye ramani usichanganyikiwe. Kazi yao kubwa pale ni kengele na zile patu kubwa za kugonga ambazo makabila ya milimani kama Ba Na, Jrai na Ê Đê wanazipiga kwenye mazishi, kwenye mavuno, kwenye kila jambo la maana. Ule utamaduni wa patu za nyanda za juu UNESCO waliutambua mwaka 2005. Sasa watu wengi hawajui kwamba watu wa milimani wenyewe kwa kawaida hawasubu, wananunua kwa mafundi wa bondeni kama hawa wa Phước Kiều, alafu wanaenda kuzirekebisha sauti wenyewe kwa nyundo mpaka zikubaliane na masikio yao.

Nilichoondoka nacho pale ni kimoja: mlio wa kengele unaamuliwa kwenye udongo, siku nyingi kabla shaba haijayeyuka. Sisi tumezoea kukimbilia moto, wao moto ni nusu siku, udongo ni wiki. Ndio maana hapa chini utaona nimekaa sana kwenye kalibu (lile umbo la udongo la kumiminia shaba) na huko mbele napita haraka.

Tutatengeneza kengele ndogo, kimo sentimita 12 hivi, isiyo na ulimi ndani. Kengele zao zinagongwa kwa nje na mti, hazina kile kidude kinachoning'inia ndani kama kengele za kanisani.

Kabla hujashika chochote

Buti za ngozi au viatu vigumu vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu ya pamba ishuke NJE ya buti sio ndani, maana tone la shaba likiingia kwenye buti hutaweza kulitoa. Glavu ndefu za ngozi, ngao ya uso, na nguo ya nailoni usivae kabisa, inayeyukia kwenye ngozi. Sakafu iwe ya mchanga mkavu au udongo, sio simenti, kwa sababu simenti ina maji ndani yake na shaba ya moto ikimwagikia hapo inapasuka na kuruka vipande. Watoto wakae mbali. Sipendi kusikia mtu anasema alumini ameizoea kwa iyo hii ni ileile, hapana, alumini inayeyuka digrii 660, shaba nyekundu inayeyuka digrii 1,085, ni moto mwingine kabisa, hata kuusogelea ni kazi.

Hatua ya 1: Madini

Unahitaji shaba nyekundu na bati. Bati ninalosema hapa sio mabati ya kuezekea jamani, yale ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ikichemka inatoa moshi mweupe unaokupa homa usiku mzima. Bati halisi ni lile laini linaloyeyuka digrii 232 tu, kwa huku kwetu njia rahisi ni waya wa kulehemu usio na risasi, soma kwenye lebo, uwe na bati asilimia 99 hivi. Shaba tumia nyaya nene za umeme zilizochunwa, au koili za mota. Chuna plastiki kwa kisu, usichome, ule moshi ni sumu. Na nunua mahali unapopajua, nyaya za wizi zina kesi.

Kipimo cha kengele ni shaba nne kwa bati moja, yaani asilimia 80 kwa 20. Kwa kengele yetu yeyusha kilo mbili za shaba na nusu kilo ya bati, kengele yenyewe itakuwa kama kilo moja na nusu, inayobaki ni ya njia za kumiminia na akiba. Sanamu na vyetezo wanaweka bati kidogo kuliko hapo ili iwe rahisi kuchonga, lakini kengele ukipunguza bati unapata kitu kinachogonga kama sufuria. Ukizidisha nako, inakuwa kama kioo, ikidondoka inavunjika. Hilo la kuvunjika hata kwenye 20 lipo, kumbuka huko mbele.

Hatua ya 2: Udongo

Hapa sasa ndo penyewe.

Tengeneza udongo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa uso, huu ndio utakaogusana na shaba: chukua udongo wa mfinyanzi, ukaushe, utwange, uchekeche kwa kitambaa au chujio la unga laini kabisa, alafu changanya na majivu ya pumba za mpunga yaliyochekechwa pia, mimi naweka udongo mbili majivu moja. Wa pili ni wa mgongo, udongo uleule usiochekechwa sana uchanganywe na pumba za mpunga mbichi, pumba nyingi, karibu nusu kwa nusu kwa ujazo. Tia maji kidogokidogo, kanda kwa miguu kama vile watu wanavyokanda udongo wa kufyatulia tofali, alafu ufunike siku mbili ulale.

Kwanini pumba? Hili nililielewa baada ya kuvunja kalibu iliyochomwa na kuiangalia ndani. Pumba zikiungua zinaacha vitundu vidogovidogo udongo mzima, na hewa na gesi ya shaba inatokea hukohuko badala ya kubaki kwenye kengele yako. Na pia udongo mtupu ukikauka unapasuka, pumba zinaushika. Majivu kwenye ule wa uso yanafanya shaba isigandamane na udongo. Yaani mabaki ya shambani ambayo kwetu Mbeya, Kahama, Mwea yanachomwa tu milima kwa milima, wenzetu ndo wamejengea ufundi wa mamia ya miaka.

Hatua ya 3: Kielelezo na maganda mawili ya nje

Chonga au kereza kengele ya mbao, au ya plasta, ikiwa imejaa sio tupu ndani. Ifanye kubwa kidogo kuliko unayotaka, kama asilimia mbili, shaba ikiganda inanywea. Mdomo uwe umetanuka kidogo kwa chini na kichwani weka mahali pa kitanzi cha kuning'inizia (kwenye kengele zao kubwa hicho kitanzi ni joka, wewe anza na pete tu).

Pakaa kielelezo mafuta au vumbi la mkaa ili udongo usishike. Bandika udongo wa uso milimita tatu nne hivi nusu ya kwanza ya kengele, ukibonyeza kwa dole gumba sehemu ndogondogo bila kuacha hewa, alafu juu yake udongo wa mgongo unene wa sentimita tatu. Kata ukingo ulionyooka, chimba vishimo viwili vitatu kwenye ukingo ili nusu ya pili ikae sehemu moja tu, pakaa vumbi la mkaa tena, alafu tengeneza nusu ya pili. Acha vikakamae siku moja kivulini, fungua polepole, toa kielelezo. Kama unataka nakshi au jina, sasa ndo unachonga ndani ya ganda, na unachonga kinyumenyume.

Hatua ya 4: Moyo

Hii ni sehemu niliyoipenda kuliko zote na ndio inatofautisha na sisi wa sufuria. Funga yale maganda mawili, jaza ndani udongo wa mgongo wenye pumba, katikati ukiweka kijiti au bomba la karatasi ambalo baadaye litaungua na kuacha tundu la kupumulia. Ukishakakamaa fungua, unatoka na kengele ya udongo iliyojaa. Sasa chukua kisu na uikwangue kote, milimita nne pembeni, milimita tano hadi sita kwenye mdomo. Unachokwangua ndicho kitakachokuwa shaba. Ndo unene wa kengele yako huo, hamna hesabu nyingine.

Kwangua kwa usawa. Narudia kwa sababu hapa ndo mlio unapopatikana au unapopotea, upande mmoja ukiwa milimita tatu na mwingine tano kengele italia sauti mbili zinazogombana na hutaweza kuirudisha. Chukua misumari midogo uitie alama milimita nne, ichome kwenye moyo sehemu kumi na tano hivi kabla hujaanza kukwangua, ukiukuta mwisho wa msumari unaacha. Ukimaliza uupake maji ya udongo wa uso kwa brashi uwe laini.

Moyo una kitako kipana chini ambacho unakiacha bila kukwangua, hicho ndicho kinakaa kwenye maganda na kuushika usiyumbe. Kama una wasiwasi weka vipande vidogo vya shaba ileile, unene wa milimita nne, kati ya moyo na ganda sehemu tatu, vitayeyukia humohumo au kubaki kama sehemu ya kengele.

Mwisho chimba njia: tundu moja la kumiminia kichwani, upana wa kidole gumba, na mawili madogo ya hewa kutokea.

Hatua ya 5: Kukausha na kuchoma. Usiruke, usiharakishe

Siku tano hadi saba kivulini. Alafu jua siku mbili. Alafu moto.

Kengele yangu ya kwanza niliyojaribu niliporudi nyumbani niliikausha siku tatu tu kwa sababu kwa nje ilikuwa imeshakuwa nyeupe na mkono unasema kavu, nikaichoma masaa mawili, nikamimina, shaba ikachemka ndani ya kalibu kama uji, ikarusha matone mpaka ukutani, na kengele ikatoka na mashimo kama mkate. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini ile sauti ya shaba ikigugumia kwenye udongo siisahau. Maji yakigeuka mvuke yanajitanua zaidi ya mara 1,600, tone moja tu lililojificha ndani linatosha.

Kwa iyo: choma maganda na moyo vikiwa vimeachana, zungushia tofali, anza na moto mdogo wa kuni masaa mawili matatu, ongeza mkaa taratibu, mpaka udongo ndani uwake wekundu wa kufifia ukiuangalia gizani, ukae hivo saa moja au mawili. Jumla masaa sita hadi nane. Kupima kama maji yameisha weka kipande cha kioo baridi juu ya tundu la hewa sekunde chache, kikitoka ukungu bado, rudisha moto. Kikitoka kikavu, sawa.

Ikishapoa kiasi cha kushikika kwa glavu, ipulize vumbi, weka moyo ndani, funga maganda, yafunge kwa waya wa chuma mara tatu nne, ziba maungio kwa udongo na uyachome tena kidogo kwa nje yakauke. Ifukie kwenye shimo la mchanga mkavu mpaka shingoni, mdomo wa kengele ukiwa chini, tundu la kumiminia juu. Usiiache ipoe kabisa, shaba imiminwe kalibu ikiwa bado ina joto, ikikutana na udongo baridi inaganda njiani kabla haijafika mdomoni.

Hatua ya 6: Kuyeyusha

Pale kijijini nimeona mkaa na blowa ya umeme, kwingine gesi. Wewe tumia ulichonacho ila chungu kiwe cha grafaiti, kile cha chuma tulichozoea kwenye alumini hakifai, kwenye joto hili kinalegea na kuliwa, alafu chuma kinaingia kwenye mchanganyiko wako.

Kwanza shaba peke yake. Juu yake tupia vipande vya mkaa vifunike uso isile hewa. Ikishakuwa maji kabisa, toa takataka za juu kwa kijiko cha chuma kilichopashwa moto, alafu ndo unatia bati, mwisho kabisa, kwa sababu bati ukilitia mapema linaungua na kupotea na kipimo chako kinaharibika. Kila kitu kinachoingia chunguni kipashwe kwanza pembeni ya tanuru, hata kipande cha bati, hata fimbo ya kukorogea. Koroga kwa fimbo ya grafaiti mara kadhaa, toa takataka tena, dakika mbili tatu, toa chungu.

Hatua ya 7: Kumimina

Watu wawili, mmoja wa koleo na mmoja wa kuzuia takataka kwa fimbo. Wekeni mazoezi na chungu kitupu kwanza, nani anasimama wapi, nani anasema nini. Mimina mkondo mmoja mfululizo mpaka uione shaba inachungulia kwenye matundu ya hewa. USISIMAME katikati. Ukisimama hata sekunde mbili panatokea mstari ambao unaonekana kama nywele, na kengele haitalia.

Hebu fikiria hii kwa kengele ya hekalu la Thiên Mụ kule Huế iliyosubiwa mwaka 1710, ina uzito wa kama tani mbili, au vile vyungu tisa vya kifalme vya mfalme Minh Mạng vilivyosubiwa 1835 mpaka 1837, kile kikubwa kinaitwa Cao Đỉnh kina zaidi ya tani mbili na nusu. Hawakuwa na tanuru moja la kuyeyusha shaba yote hiyo, walikuwa wanawasha tanuru ndogo nyingi kwa pamoja, na zote ziive kwa wakati mmoja, mkondo usikatike. Kila nikishika koleo langu la kilo mbili na nusu nawakumbuka wale watu. Mtaa wa mafundi wa Huế, Phường Đúc, bado upo kando ya mto Hương na bado wanasubu.

Hatua ya 8: Kuvunja na kusafisha

Iache mpaka kesho. Usimwage maji. Kisha vunja udongo kwa nje taratibu kwa nyundo ndogo ya mti, moyo utoe kwa bisibisi kidogokidogo, ukipiga kwa nguvu hapa unaipasua kengele maana nilishasema hii shaba ni kama kioo. Njia za kumiminia kata kwa msumeno wa chuma, usizivunje kwa kugonga. Sugua kwa tupa, alafu msasa wa kukwaruza, alafu msasa laini, basi. Rangi ya njano iliyofifia inayoelekea kwenye fedha ndio rangi yake sahihi. Ikiwa nyekundu sana, bati lako liliungua.

Hatua ya 9: Kusikiliza

Itundike kwa kamba, igonge na mti kwenye ukingo wa chini. Ikitetema kama ina mchanga ndani, kuna ufa. Ikilia vizuri lakini sauti sio unayoitaka: kwangua ndani karibu na mdomo kwa tupa, sauti inashuka. Punguza ukingo wenyewe kwa chini, sauti inapanda. Kidogo sana kila mara, alafu sikiliza, alafu tena, ukishakata hurudishi. Patu ni habari nyingine, zile zinarekebishwa kwa nyundo, sehemu kwa sehemu kuzunguka uso, na mafundi wa sauti ni wachache hata pale kijijini. Niliona mzee mmoja akigonga, ananyamaza, anagonga nyundo mbili tu, anagonga tena, na mimi sikusikia tofauti yoyote, wenyeji wakatikisa kichwa wameridhika. Baada ya siku tatu ndo nikaanza kusikia.

Ukitaka kwenda mwenyewe

Hội An kuna baiskeli na pikipiki za kukodi kila kona, unafika bila shida. Uliza siku ya kumimina kabla hujaenda, siku nyingine zote utakuta udongo na kukwangua (ambavyo kwa fundi ndo vya thamani, ila ukija na familia watachoka). Mzee mwanaume aliyemzidi baba yako umri mwite bác. Picha omba kwanza, na siku ya kumimina usisimame nyuma ya mtu wa koleo wala usimsemeshe. Wana ibada ya wazee wa kazi, pale wanamkumbuka Dương Tiền Hiền aliyeleta ufundi toka kaskazini, na sehemu nyingine za Vietnam wanamheshimu mtawa Nguyễn Minh Không kama baba wa usubu wa shaba, kwa iyo ukikuta ubani unawaka karibu na tanuru usiuguse wala usipite mbele yake.

Ukinunua patu au kengele, igonge kabla ya kulipa, igonge sehemu nne tofauti, alafu ishike kwa kidole na uigonge tena usikie inavyokatika. Kwenye ndege ifunge na nguo nene ndani ya begi unalobeba mkononi, sio la chini, hii nimeshaieleza mara mbili kwanini.

Na kengele yako ya kwanza ikitoka na ufa usiitupe. Ivunje vipande, irudishe chunguni, ongeza bati kidogo sana kufidia lililoungua, kama gramu 10 kwa kila kilo. Kalibu ndo haitumiki tena, ila ule udongo uliochomwa utwange na uuchanganye kwenye udongo wa mgongo wa kengele inayofuata, unapunguza kupasuka kuliko udongo mpya mtupu.